Kamba Mbili: Kusimama Mbele ya Bariere na Mbele ya Bendera

Mgeni anayefika Iga Barrière mara ya kwanza anaweza kuuliza mpaka uko wapi. Jina linamdanganya. Iga Barrière haiko ku mpaka wa inchi yoyote. Ni senta ya biashara katika teritware ya Djugu, zaidi ya kilometa 20 kaskazini ya Bunia, ku barabara ya taifa namba 27. Motokari zinazotoka Bunia zinapita pale kuelekea Mahagi, na nyingine zinakata kuelekea Nizi, Kilo na Mongbwalu, kwenye inchi ya dhahabu. Uganda ingali mbali. Lakini neno la Kifaransa limeshikamana na jina la mahali mpaka masikio yetu hayalisikii tena. Watoto wanalitamka sawa vile wanavyotamka jina la mto. Kwetu mtu anaweza kuzaliwa Bariere, kuoa Bariere na kuzikwa Bariere, bila kuvuka mpaka hata mara moja.

Katika mazungumzo yetu juu ya desturi za kusalimia na kuheshimu, kijana mmoja mwanafunzi alituletea swali ambalo wazee hawakulingojea. Alisema: "Saa sita ya muchana askari ananisimamisha ku kamba, anakamata feza ya mama yangu juu ya gunia ya muhogo. Saa kumi na mbili ya jioni askari ule ule anapuliza firimbi, anasema nisimame juu ya drapo. Nasimama kwa nani?" Wengine walicheka. Mzee mmoja alimkaripia kwamba bendera haiulizwi maswali. Sisi tuliona swali ni la haki. Kamba ya bariere imelala katikati ya barabara, kamba ya bendera inapanda juu ku mlingoti, na zote mbili zinamsimamisha mtu aliyekuwa anakwenda kwake. Kama hatujui tofauti yake, hatuna haki ya kuwafundisha watoto kuondoa kofia.

Tuseme kwanza desturi yenyewe vile iko. Penye ofisi ya Leta yenye mlingoti, iwe kambi ya polisi, komini, duane ao masomo, bendera inapandishwa asubuhi na kushushwa jioni mbele ya giza kuingia. Firimbi inalia, ao tarumbeta kama wanayo. Tangu hapo kila kinachotembea kinasimama. Motari anazima pikipiki na kushusha mguu. Mwenye kinga anashuka. Mama mwenye beseni ya samaki ku kichwa anabaki vile vile na beseni yake, shingo imenyooka kupita ya askari. Mwanaume anaondoa kofia. Muziki ya kabare inakatwa, kama mwenyewe hajalewa. Jambo lote linaisha kwa dakika moja ao mbili, firimbi ya pili inalia, na dunia inaendelea pale ilipoachia. Kama kuna mtu amesahau, amri inatolewa kwa Kilingala, luga ya askari wetu tangu zamani: "Telema!" Na yule aliyetembea anaitwa pembeni. Huko pembeni ndiko kunaanza mambo ya kuhuzunisha, tutayafikia.

Desturi hii si yetu peke yetu. Waliokaa Kenya na Tanzania wanaijua firimbi ya jioni ya kituo cha polisi, na watu wanaoganda barabarani sawa miti.

Ili tusiandike kwa kusikia tu, tulikwenda kuiangalia ku mpaka wenyewe, kule Mahagi, karibu kilometa 180 toka Bunia, mbele ya Goli ya Uganda. Tulijifunza pale jambo ambalo hatukulifikiri mbele ya kwenda. Inchi hizi mbili haziko na saa moja. Ituri inafuata saa ya mashariki ya Kongo; Uganda iko mbele yetu kwa saa nzima. Jua ni lile lile, linazama nyuma ya vilima vile vile, lakini simu inayokamata mtandao wa ng'ambo inamwambia mwenyewe kwamba ni saa moja ya usiku, wakati askari wetu anapuliza firimbi ya saa kumi na mbili. Basi upande wetu wote walikuwa wamenyamaza: madereva wa malori, wabeba mizigo, watoto wenye kuuza mayai ya kuchemsha, kambisti na mafungu yao ya shilingi na franka. Ng'ambo, mita chache tu, mtu mmoja alikuwa anashusha mifuko ya sukari huku anaimba. Hakuwa na dharau yoyote. Jioni yake ilikuwa imekwisha kupita.

Askari wawili ndio walishusha. Mmoja alilegeza kamba polepole, mwingine alikipokea kitambaa mikononi kisiguse udongo, wakakikunja bila kusema. Tuseme kweli, kulikuwa pia na kambisti mmoja aliyesimama wima kabisa lakini mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa koti, na tuliona mfuko unatikisika; alikuwa anaendelea kuhesabu. Karibu naye alisimama mama mwenye umri, Mwalur, aliyetoka kumzika ndugu yake upande wa Uganda. Mzigo ulikuwa ku kichwa. Firimbi ya pili ilipolia tulimwuliza alisimama kwa ajili ya nini. Alituangalia sawa watu wasio na kazi. "Wote wamesimama," alijibu. "Nitembee niende wapi?"

Jibu hilo tulilirudia njia nzima tukirudi Bunia. Kwa mama kama huyu mpaka wenyewe ni kitu cha jana. Waingereza na Wabeljiji waliupatana ku makaratasi ya 1910 na ya 1915, ukapita katikati ya ukoo, ukawaacha Waalur wengine Mahagi na wengine Nebbi. Bendera mbili zinamhusu sawasawa, ao hazimhusu. Alichosimama pamoja nacho ni watu.

Iko mpaka mwingine duniani ambapo kushusha bendera kumekuwa sifa. Wagah na Attari, kati ya Pakistan na India, tangu 1959 askari wa pande mbili wanashusha bendera zao kwa dakika ile ile kila jioni. Wanarusha miguu juu mpaka karibu na paji la uso, na maelfu ya watu wanakaa ku ngazi za saruji wakipiga makofi na kelele. Kamba za bendera hizo mbili zinapishana hewani sawa mkasi, na zote zinashuka kwa mwendo mmoja, juu ya hakuna inchi inayokubali bendera yake iwe chini ya nyingine hata kwa dole moja. Mwishoni mlango ulikuwa ukifunguliwa na wakubwa wa pande mbili wakipeana mikono. Baada ya mauaji ya Pahalgam ya mwezi wa 4, 2025, India ilipunguza sherehe: mlango ukabaki umefungwa, mikono haikupeanwa tena. Wengine kati yetu walitamani Mahagi pawe vile. Hatuwafuati. Kule watu wamekuja kuangalia. Wamevaa vizuri, wamekaa, wanashangilia upande wao. Huku hakuna aliyekuja kuangalia. Bendera imemkuta mtu njiani na shida zake, naye ameziweka chini kwa dakika moja. Tunaona katika kimya hicho cha watu wasioalikwa kitu ambacho makofi hayawezi kununua. Lakini kitu hicho ni chepesi kuharibika, na kwetu kimeharibika sana.

Kiliharibika tangu mwanzo. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Lubumbashi aliyefanya kazi miaka ya 1970, alirudia mara nyingi picha inayoitwa Colonie Belge: mfungwa amelazwa chini, askari mweusi anampiga fimbo, mkubwa mzungu anaangalia, na bendera ya Ubelgiji iko pale pale juu yao. Mchoraji hakuiweka ili kujaza nafasi. Kwa babu zetu mlingoti ulikuwa mahali pa kuhesabiwa na kuchapwa, na kusimama kimya mbele yake ilikuwa namna ya kuokoa mgongo. Uhuru ulibadilisha kitambaa kwa siku moja. Tabia ya wenye kukilinda haikubadilika kwa siku moja.

Na kitambaa chenyewe kimebadilika vya kutosha. Mzee wetu aliyezaliwa 1950 alikua chini ya nyota moja ya manjano ya wakoloni. Mwaka 1960 akaona nyota sita ndogo zinaongezwa pembeni. Mwaka 1963 ukaja mstari mwekundu wa kukata pembe kwa pembe. Mwaka 1971 Mobutu akaleta kijani na mkono wenye mwenge, na inchi ikaitwa Zaïre. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila akarudisha nyota sita za Uhuru, kisha Katiba ya 2006 ikaleta hii ya leo, buluu ya mbingu, nyota moja ku pembe ya juu, na mstari mwekundu wenye kingo za manjano. Mara tano amebadilishiwa. Kwa siku zile za Mobutu hakusimama tu, aliimba na kucheza pia. Na hapa Ituri kulikuwa miaka, mwisho wa 1990 mpaka 2003, ambapo bunduki zilizotawala barabara zetu zilikuwa za inchi nyingine, jambo ambalo Korti ya Kimataifa ya Haki iliihukumu Uganda 2005, na 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Tulimwuliza mzee huyo alisimama mbele ya bendera gani. Alisema yeye alisimama mbele ya zote, na hakuna hata moja iliyomwuliza kama amekula.

Sasa turudi kwa desturi za wazee, maana kitabu hiki ni cha desturi. Je, mbele ya mzungu, ni nani aliyeweza kuwasimamisha watu njiani? Aidan Southall, mtafiti aliyeishi kati ya Waalur na kutoa kitabu chake 1956, alieleza namna mamlaka ya marwoth ilivyoenea. Mara nyingi haikuenea kwa vita. Watu wa jirani, hata wa kabila nyingine, walikwenda wenyewe kuomba mtoto wa rwoth aje kukaa kwao, juu ya mvua na juu ya kutuliza magomvi yaliyowashinda. Mamlaka iliyoombwa haihitaji kamba katikati ya njia. Hatusemi zamani ilikuwa paradizo. Rwoth mbaya naye alikula mbuzi za watu. Lakini alijua kwamba waliomwita wanaweza pia kuhama na kumwachia nyumba tupu.

Na tusitafute mbali. Hata leo maiti inapopita katika mitaa ya Bunia, motari wengi wanapunguza mwendo ao kusimama, wanaume wanaondoa kofia, hata kama hawamjui marehemu. Hakuna firimbi. Hakuna anayeitwa pembeni. Anayepita mbio anaangaliwa tu, na jicho hilo linamtosha.

Waswahili wanasema heshima si utumwa. Maneno ni mazuri, lakini mtu anajuaje kwamba yuko ku heshima na hajaingia ku utumwa? Sisi tunapendekeza kipimo kimoja: angalia kama mwenye kutoa amri naye ameshikwa na amri. Ku bariere askari amekaa ku kiti chini ya kivuli, wewe umesimama juani. Anakuuliza, humwulizi. Anakamata, hukamati. Watafiti wa shirika la IPIS walihesabu bariere 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, wakachapa hesabu hiyo 2017. Ituri haikuwa ndani ya hesabu, lakini anayesafiri kwetu hahitaji mtafiti. Saa ya bendera mambo yanageuka. Askari anasimama wima kupita wewe. Mkono wake uko ku paji la uso, hauwezi kuingia katika mfuko wako. Mkubwa wake pia, kama ni mkubwa wa kweli, ameshuka ku jipu. Kwa dakika moja ya siku mwenye bunduki na mwenye muhogo wamesimamishwa na kitu kimoja, na kitu hicho hakiombi franka. Basi kwa kijana wetu jibu ni hili: humsimamii askari. Unasimama pamoja naye, mbele ya kitu ambacho yeye ana deni nacho kukupita.

Kijana hakutosheka, na tunamheshimu kwa hilo. Alisema kusimama pamoja na aliyekula feza ya mama yake ni kusema uongo kwa mwili. Hapa tunamkumbusha namna ya kilio. Watu wawili wenye kesi ya shamba wanakutana ku matanga ya jirani. Wanakaa ku kiwanja kimoja, wanaota moto mmoja, wanabeba pamoja sanduku. Hakuna anayesema kesi imekwisha. Kesho asubuhi inaendelea mbele ya shefu, na mashahidi ni wale wale. Kusimama saa ya bendera hakumsamehe mtu. Kunaweza hata kumsimamisha mbele ya mashahidi. Katiba, katika kifungu kile kile cha kwanza kinachoeleza rangi za bendera, inataja pia haki, amani na kazi. Askari anayepiga saluti anasalimia maneno hayo matatu, anapenda ao hapendi, na mama wa muhogo yuko pale anamwona.

Iko lakini watu ambao mbele yao maneno yetu yanaishiwa nguvu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 mwezi wa 2, 2022, kambi ya waliokimbia makwao ya Plaine Savo, karibu na Bule, katika Djugu hii yetu, ilivamiwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Hali ya dharura ya kijeshi ilikuwa imetangazwa tangu mwezi wa 5, 2021. Tunafundisha ku masomo kwamba mstari mwekundu ni damu ya waliofia inchi. Aliyeokoka pale, kama jioni moja anapita mbele ya mlingoti bila kusimama, nani kati yetu ana kinywa cha kumwita mkosefu wa adabu? Sisi hatuna. Baadhi ya wenzetu wanaona kwamba ni yeye hasa anayepaswa kusimama, juu ya damu ile ni ya wake. Huenda, lakini hilo ni lake kulisema, si la askari, wala letu.

Na hapo tunafika kule pembeni. Anayetembea wakati bendera inashuka anaweza kupigishwa magoti ku changarawe, kufungiwa mpaka usiku, ao kuambiwa kwa sauti ya chini alete madesu ya bana. Hatutaji kituo, msomaji anacho kichwani mwake. Tunasema wazi kwamba feza inayokamatwa kwa jina la bendera inaiharibu kupita mguu wa yule aliyetembea. Mtembezi amekosa dakika moja ya adabu. Mkamataji ameishusha kamba ya mlingoti akailaza katikati ya barabara, imekuwa bariere sawa zile nyingine. Faini isiyo na karatasi ni wizi, hata kama imetangulizwa na firimbi.

Tunakwenda mbele kidogo, na hapa wazee wawili wa kundi letu walikataa kutufuata. Tunaona hakuna haja ya kumwazibu hata yule anayekataa kwa kusudi. Mashahidi wa Yehova hawasalimii bendera yoyote, na ni kati ya mambo yaliyowaletea shida chini ya Mobutu, aliyelifunga shirika lao 1986. Korti Kuu ya Marekani iliamua 1943, katikati ya vita kubwa, kwamba mtoto wa masomo hawezi kulazimishwa kuisalimia bendera. Inchi ile haikuanguka. Wazee hao wawili wanasema Marekani inaweza kujiruhusu, Kongo haiwezi. Kwamba ukimwachia mmoja atembee, kesho barabara nzima inatembea. Sisi tunafikiri barabara nzima ikitembea, itakuwa imetuambia jambo ambalo firimbi ilikuwa inatuficha. Hatukupatana, na tunaacha mawazo yote mawili ku karatasi.

Lakini kesi moja hatukugawanyika hata kidogo. Ni ya motari aliyebeba mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, kutoka kijijini kwenda ku lopitali, akakutwa na firimbi ya jioni mbele ya kambi. Mwanamke anashika koti ya motari kwa mikono miwili, shemeji yake yuko nyuma na pikipiki ya pili na godoro. Wazee wote, hata yule aliyemkaripia kijana, walijibu kwa sauti moja kwamba pikipiki isizimwe, ipite pale pale, na kwamba ni askari mwenye firimbi anayepaswa kuwasogeza watu waifungulie njia.